Bamba la Koko

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, kule mtaani Mbuya, ugenini, nilimchukia mke wa askari tuliyepanga naye ua mmoja, na ukiniuliza leo, chuki hiyo haijanitoka yote.

Sisi tulitoka Kongo, kwenye bonde la juu lililozungukwa na milima. Huko kuna ukuta wa mawe ya matabaka, yamelaliana kama chapati kwenye sahani. Msichana akiolewa mbali hubandua bamba moja akaenda nalo, likae chini ya kitanda chake. Koko, ndivyo tulivyomwita bibi, alipokimbia vita aliacha sufuria zote, lakini bamba lake alilibeba. Mwiko wake ni mmoja: halipasuliwi. Ukilipasua, ugonjwa unatoka.

Mimi na utundu wangu nikalipasua kwa kisu cha jikoni. Ndani mlikuwa na alama ya jani, hadi vishipa vyake vinaonekana. Nikamwonyesha Akello, binti wa yule mama, na kwa kujitapa nikamweleza na mwiko wenyewe. Siku ya tatu Akello akashikwa na surua.

Mama yake alikuja mlangoni na wanawake wa ua, mchi mkononi.

"Wewe mama ya Kongo, nani alipasua hiyo jiwe? Sema! Mutoto yangu anakufa!"

Koko hakunitazama.

"Ni miye nilipasula," akasema. "Huyu mutoto hajue kitu."

Wakamtemea mate. Magodoro yetu yakatupwa nje mchana kweupe, na mwenye nyumba akatia kufuli. Akello alipona hospitalini wiki ileile. Hakuna aliyetutafuta kuomba radhi. Washenzi wale!

Shuleni nilifundishwa kwamba mawe yale ni matope ya ziwa la kale yaliyofunika majani yakakauka. Nikamcheka Koko kimoyomoyo, nikijiona msomi. Mwaka huu, baada ya kumzika, ndipo mama aliponiambia kwamba kwetu anayekiri kulipasua hubeba ugonjwa wote peke yake. Koko aliliamini hilo kabisa. Pale mlangoni alijua anachojitwika.

Jioni ya siku ile tuliyofukuzwa tulipewa chumba cha kujisitiri, mtaa wa Luzira. Alininywesha uji, akanitandikia godoro ukuta wa pili, mbali naye, akanikataza kumsogelea. Nililia mpaka usingizi ukanichukua, maana nilidhani amenikasirikia.