Jina la Tatu

Kwanza nikuambie, mimi si mtu wa hadithi. Mimi ni fundi wa nguo, na fundi hupima kabla ya kukata. Haya ninayokueleza yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu, bila tone la pombe. Kovu liko hapa kwenye kidole cha pili cha mkono wa kushoto. Liguse kwanza, halafu ucheke ukitaka.

Na tuelewane jambo moja. Nitataja majina mawili tu, ya watu ambao hawapo tena. Langu sitalitaja. La binti yangu sitalitaja hata ukinipiga. Usiniulize sasa kwa nini.

Miaka ya themanini ikielekea kwisha nilikuwa nashona kwenye veranda ya duka moja la vifaa vya ujenzi, hapa Kisumu, karibu na soko la Kibuye. Nilijivunia vitu viwili: cherehani yangu ya kukanyaga, na redio yangu. Wengine walinunua redio wasikie muziki na matangazo ya vifo. Mimi nilitaka maneno, tena ya Kiingereza. Shule niliachia darasa la saba, lakini sikio langu halikuacha. Jioni nilikuwa nazungusha lile gurudumu dogo la kutafuta stesheni, polepole, kwenye masafa mafupi, kelele, kelele, kelele, halafu ghafla unasikia watu wanaongea! Wazee wawili huko ng'ambo wanabishana yai la kuchemsha livunjwe upande gani. Mama mmoja amepiga simu kulalamika kwamba mbwa wa jirani anamfuata kanisani na kukaa kiti cha mbele. Nacheka mpaka machozi. Muziki utaupata popote, lakini mtu anayejua kuongea, huyo ni wa kutafutwa.

Shida yangu ilikuwa kucheka peke yangu. Wafula, fundi wa baiskeli tuliyegawana naye veranda, mtu wa Bungoma, aliniita Mzungu wa Cherehani. Mke wangu, nyar Asembo, yaani binti wa Asembo, ndivyo tunavyowaita wake zetu huku, alisema wageni wameniroga. Hakuna aliyekubali kukaa nami asikilize hata nusu saa. Umewahi kupata kichekesho kitamu ukakosa wa kumwambia? Kinauma tumboni, niamini.

Halafu nilikuwa na jina hewani. Vijana hamjui kadi za salamu. Unanunua kadi, unaandika majina ya unaowasalimia, unaituma kwa redio, na mtangazaji anaisoma nchi nzima: fundi fulani wa Kisumu anawasalimia fulani na fulani, nao wakipata salamu hizi wawasalimie wengine watatu. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi, watatu. Ukisalimiwa ukanyamaza, watu wanakuona huna utu. Majina yangu kamili yalijulikana kutoka Muhoroni mpaka Usenge, kwa watu ambao hawajawahi kuniona uso. Nilijiona mkubwa, sikufichi.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, kama saa tisa na nusu alasiri. Nilikuwa namalizia sketi ya shule ya binti yangu. Ndiye mtoto wetu wa pekee, na Jumatatu angeanza darasa la kwanza. Mawingu yakatoka upande wa milima ya Nandi, meusi kabisa. Wafula akafunga vifaa vyake akakimbilia nyumbani. Mwenye duka alikuwa matangani tangu juzi yake. Nikabaki peke yangu, mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati, na redio yangu ikawa inatoa mikwaruzo kila radi ikipiga. Yeyote anayejua masafa mafupi atakwambia, wakati wa radi husikii kitu. Shika hilo.

Mtu akapanda veranda. Mwanamume wa makamo, koti la zamani, suruali imekunjwa mpaka magotini, miguu mitupu. Kwapani alikuwa na redio kubwa ya mbao. Alinisalimia kwa heshima, akaomba kujikinga mvua. Nikamwambia karibu, keti. Alisema anatoka Usenge. Mvua ilikuwa inakuja kwa ubavu mpaka nimefunika cherehani kwa nailoni upande mmoja, na yule mtu alikuwa mkavu. Miguu yake ilikuwa na mchanga mkavu, kama mtu aliyetoka kutembea ufukweni jua likiwaka. Niliona kwa macho haya, nikapuuza. Kwa nini nilipuuza? Kwa sababu alisikiliza redio yangu kidogo, akacheka, akaniuliza kama na mimi napenda Kiingereza cha kuchekesha.

Hebu fikiria. Miaka yote ile nangoja mtu mmoja tu aniulize hivyo.

Akaweka redio yake juu ya meza yangu ya kukatia. Hakuinua antena. Sikumwona akigusa chochote. Sauti ikatoka safi, bila mkwaruzo hata mmoja, na nje radi inapasua mbingu. Wanaume wawili wanaongea Kiingereza, wanabishana, na unajua walibishana juu ya nini? Mkono wa koti. Mmoja anasema huanzwa kushonwa begani, mwingine anasema anayeanzia begani ni mwizi wa vitambaa. Wallahi sijawahi kucheka vile. Mgeni naye alicheka, tena alicheka mahali panapostahili, si kama wale wanaocheka kwa sababu wewe umecheka. Nilimpenda mtu yule. Nasema nilivyohisi.

Halafu mmoja wa wale watangazaji akasema ana salamu. Akataja majina yangu, yote matatu, akaongeza kwamba ni fundi wa Kisumu. Akasema wote walioko huko wananisalimia. Moyo uliruka kwa furaha. Stesheni ya ng'ambo! Nikatamani Wafula angekuwepo asikie. Kisha yule mtangazaji akaniuliza, kwa adabu kabisa, mimi nitawasalimia nani, akanyamaza.

Hakikuwa kimya cha redio iliyozimwa. Ulikuwa unasikia watu wanapumua.

Mgeni akaniambia, kama ndugu kwa ndugu, "Jibu, omera. Wanakungoja."

Nani hajawahi kuijibu redio? Mpira ukitangazwa si unamfokea refa? Nikacheka, nikasema namsalimia ndugu yangu Odhiambo, dereva wa trekta la miwa kule Muhoroni. Nikasema namsalimia jirani yangu Wafula, ili ajue leo Mzungu wa Cherehani amesalimiwa. Nikafungua mdomo nitaje wa tatu, na wa tatu alikuwa binti yangu, kwa sababu sketi yake ndiyo ilikuwa mikononi. Radi ikapiga karibu sana, mguu wangu ukashtuka ukakanyaga, na sindano ikapita katikati ya kidole, ukucha na nyama, ikatokea chini. Jina likageuka kuwa yowe.

Nikazungusha gurudumu la cherehani kwa mkono wa kulia, nikatoa sindano, damu imeenea kwenye sketi. Nilipoinua macho nilimkuta mgeni ananitazama, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Bado mmoja," akaniambia.

Redio bado inapumua. Mimi nanyonya kidole. Halafu yule mtangazaji akauliza, kwa Kiingereza chake kitamu, ile sketi ninayoshona ni ya nani.

Unanisikia? Aliuliza juu ya sketi. Sikuwa nimetamka neno sketi tangu asubuhi. Nikauma ulimi wangu kusudi usitembee. Jina la mtoto lilikuwa pale pale nyuma ya meno. Mgeni hakunilazimisha. Mwishowe alibeba redio yake, akashuka ngazi, akaingia kwenye mvua, na nilimwona akienda mpaka kwenye kona, koti lake halijalowa. Juu ya meza yangu aliacha mchanga, duara zima palipokuwa redio.

Kesho yake asubuhi habari zikanifikia, moja juu ya nyingine. Odhiambo alikuwa amesimamisha trekta kwenye foleni ya miwa karibu na kiwanda, anazungumza na wenzake. Saa kumi kasoro hivi, Ijumaa ile ile, akainua kichwa, akatabasamu, akawaambia, "Kuna mtu ananisalimia." Akaketi chini akafa. Wafula alikuwa kwake Manyatta, amevua viatu, anakunywa chai. Mke wake alinieleza mwenyewe, hajui anachonifanyia, kwamba Wafula alisema maneno yale yale. Alisema kuna mtu anamsalimia, kikombe kikaanguka. Nilimshika yule mama mkono nikalia naye, na sikuweza kumwambia ni nani.

Tulipomaliza mazishi yote mawili nilienda Usenge. Nilitaka kumpata yule mtu anifungue. Wanawake walikuwa wanaanika omena, dagaa wa ziwani, nikawauliza juu ya mwanamume mwenye redio kubwa ya mbao. Wakaacha kuanika. Mama mmoja akainuka, akanipeleka pembeni, akaniambia huyo alikuwa ndugu yake, na alizikwa miaka mitatu iliyopita, na ile redio wao wenyewe waliiweka kaburini kwa sababu aliipenda. Kisha akaniuliza mimi ni nani. Nilipomwambia, akashika mashavu.

"Wewe ndiye fundi wa Kisumu? Alikuwa akingoja salamu zako kila wiki, Baba. Alisema siku moja atakutembelea."

Akanieleza mambo yalivyokuwa. Ndugu yake alipata stesheni fulani ya Kiingereza iliyomchekesha usiku na mchana. Siku moja walimsikia akiiambia redio jina la mjomba wao na jina la rafiki yake wa mashuani. Wote wawili wakafa siku hiyo. Baada ya hapo kila redio aliyoisogelea ilimuuliza wa tatu. Alikuwa na mtoto mchanga, akaogopa siku moja ulimi utateleza. Basi akaketi ndani ya mashua iliyovutwa mchangani, akataja jina lake mwenyewe.

Nikamuuliza, je, kwa kujitaja alipumzika? Yule mama akatikisa kichwa.

"Angekuwa amepumzika, angekuja kwako? Watu wamemwona na hiyo redio mpaka Asembo Bay. Ukimaliza watatu kwa jina lako, wanakutuma wewe."

Sasa unaelewa mzigo wangu. Nikitaja mtu, namuua. Nikijitaja, nitaanza kupanda veranda za watu wanaopenda kucheka. Na usidhani sikuwahi kufikiria kumtaja mtu ninayemchukia. Mwaka mmoja niliketi mbele ya redio ya jirani, nikasikia ile pumzi, na jina la mtu fulani aliyenidhulumu lilifika kwenye midomo. Nilitoka nje nimeziba mdomo kwa mikono miwili. Redio yangu nilikuwa nimeshaitupa ziwani zamani. Lakini utatupa za watu wote? Kila hoteli ina redio, kila kinyozi ana redio. Kwa hiyo niliacha kabisa kumwita binti yangu jina. Nilimwita wewe. Wewe, leta maji. Wewe, umefanya vizuri mtihani. Amekua hivyo, akijua baba yake hataki kulitamka jina alilompa mwenyewe.

Siku ya harusi yake mwongozaji alinipa kipaza sauti, akaniomba niseme jina langu na la binti yangu, nimkabidhi. Mle ukumbini, kwenye spika, nilisikia watu wanapumua. Nikasema, "Huyu ni wangu," nikarudisha kipaza sauti. Wageni wakacheka wakidhani nimelewa. Binti yangu hakucheka. Alilia mpaka rangi za uso zikamharibikia, na miaka mingi hakuja nyumbani ila kumwona mama yake.

Mwezi uliopita alikuja. Aliniletea simu mpya, akakaa nami pale sebuleni, akasema anakumbuka akiwa mdogo nilivyokuwa napenda Kiingereza cha redioni, na sasa zote ziko mtandaoni, huhitaji hata antena. Alitaka tupatane, nilimwona. Akatafuta kwa kidole, akapata wanaume wawili wanabishana. Sauti safi. Akaanza kucheka, mahali panapostahili kabisa, mtoto wangu, kicheko changu mwenyewe. Halafu wakanyamaza, na mmoja akasema kwa adabu kwamba bado mmoja, bwana.

"Mmoja nani?" binti yangu akauliza, bado anacheka, akaisogeza simu karibu na mdomo.

Ningemwita jina lake angesimama. Kila mzazi hufanya hivyo, mtoto akikaribia moto unamwita jina. Mimi niliruka na magoti yangu haya mabovu, nikamziba mdomo kwa kiganja, nikachukua simu nikaitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Alinisukuma, akaniuliza kama nimepata wazimu. Basi nikamweleza yote, kwa mara ya kwanza, kama ninavyokueleza wewe. Nikamwonyesha kidole. Nikafungua sanduku nikamtolea ile sketi ndogo yenye damu, ambayo hakuivaa hata siku moja.

Aliishika muda mrefu. Hakuniambia anaamini, wala hakuniambia naongopa. Aliikunja vizuri, akaiweka kwenye mkoba wake.

"Basi niite hivyo hivyo, Baba," akasema. "Niite wewe."

Wewe unayenisikia, najua unazo hizo simu, na najua unapenda watu wanaojua kuongea. Sikukatazi. Cheka. Lakini siku watakaponyamaza wakakuuliza wewe unamsalimia nani, funga mdomo, hata kama jina lililoko ulimini ni la mtu unayempenda kuliko wote. Hasa kama ni hilo. Na ukipita Kibuye ukiwa na nguo ya kushonwa, utanikuta pale pale. Niite fundi, inatosha.