Kidole cha Shahada

Baridi ya huku Magamba, juu milimani, haina adabu. Nilikuwa naosha karoti mtoni asubuhi, kabla fuso la sokoni halijapita, na vidole vinageuka vyeupe kama chaki, halafu vya bluu. Nilisema ni baridi tu. Kisha ngozi ya mikono ikakaza, na kwenye ncha ya kidole cha shahada, mkono wa kulia, kikatoka kidonda kisichopona.

Daktari alinieleza taratibu. Ngozi inakakamaa, mishipa midogo ya vidoleni inabana, nyama inakosa damu na kufa. Vidonge vya presha alivyonipa mwanzo havikutosha. Akaandika vingine, akatabasamu. "Mama, usishtuke. Wanaume wanavinunua kwa mambo yao, lakini vinafungua mishipa. Kwako vitaokoa kidole. Usikose hata siku moja."

Cheti nilimpa mume wangu. Yeye ndiye anayeshuka Lushoto mjini. Mimi upepo wa pikipiki mikono yangu haiuwezi. Jioni akarudi na bahasha ndogo ya karatasi, imeandikwa moja mara tatu, ndani vidonge vya njano. Nikamshukuru mbele ya watoto.

Miezi mitatu nilimeza. Na kila baada ya swala nilimwombea dua, mjinga mimi! Kidonda kikapanuka, ncha ikawa nyeusi, nikadhani nakosea saa za kumeza. Yeye akaniambia, "Vumilia, mama. Dawa za hospitali zinakwenda polepole."

Tuliporudi kwa daktari, aliomba kuona dawa. Akazimimina kiganjani.

"Mama, hizi ni vitamini."

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Tulipotoka nje alianza kusema kwa Kishambaa, kama kawaida yake akishikwa na aibu. Muuzaji wa duka la dawa ni binti wa mtu anayeswali naye safu moja. Alipofika pale kaunta maneno yakamkwama, akakunja cheti, akaomba vitamini. Na kila mwezi akaomba vilevile.

"Ningemwambia nini yule mtoto? Kesho msikiti mzima ungesema nimekwisha."

"Si ungesema ni za mke wako?"

"Nani angeamini?"

Nilimchukia pale pale, na sijui kama nimemaliza. Angeniambia siku ile ile ningeshuka kwa miguu, ningezitaja mbele ya foleni nzima. Lakini alinitazama kila jioni nikivimeza. Mikono ilipokuwa inauma sana, ni yeye aliyenishikia kikombe.

Kidole kilikatwa kwenye kiungo cha kati. Siku hizi dawa nafuata mwenyewe, nimevaa soksi mikononi. Mara ya kwanza nilisema kwa sauti nataka nini, na kwamba ni zangu. Yule binti alisoma cheti, akanihesabia vidonge, akaniuliza vidole vinaendeleaje. Hakucheka. Alishaona vyeti kama hivyo. Vidole tisa vilivyobaki vimesalimika.

Mume wangu bado anaswali safu ya mbele, heshima yake haijapungua hata nukta. Mimi naswali nyumbani, na nikifika kwenye tahiyatu, pale kidole cha shahada kinaponyanyuliwa, nanyanyua kipande kilichobaki.