Mdhamini wa Mdogo Wake

Saa moja na nusu asubuhi. Mama wa miaka hamsini na mmoja amejaza misumari midogo mdomoni. Anautoa mmoja mmoja kwa vidole na kuugonga kwenye mbao za kochi bila kukosea. Lakini macho hayako kwenye kochi. Yako mlangoni.

Saa tatu mdogo wake anatakiwa kusimama mbele ya hakimu, na kabla ya hapo lazima apitie hapa. Ndivyo walivyokubaliana.

"Mpaka nimwone kwa macho yangu ndipo napumua," anasema, misumari ikiwa bado shavuni.

Mtaani wanamwita Mama Misumari. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akivisha makochi ya watu vitambaa vipya, kazi aliyoachiwa na marehemu mumewe pamoja na nyumba ya vyumba vitatu. Leo nyumba hiyo imeshikwa na ahadi ya mtu mwingine.

Yalianza miezi mitano iliyopita. Mdogo wake, msukuma mkokoteni anayewafikishia wateja makochi, alibishana na mlinzi wa duka aliyemkataza kuegesha mlangoni. Maneno yakazaa matusi, matusi yakazaa kipigo. Alimpokonya mlinzi rungu lake na kumpiga nalo, mkono wa mlinzi ukavunjika mahali pawili.

Mahakamani alisomewa shtaka la shambulio na kudhuru mwili, akakana. Hakimu akasema dhamana iko wazi: wadhamini wawili wenye vitambulisho na barua za ofisi ya mtaa, kila mmoja asaini hati ya milioni tatu, na mmoja wao awe na mali isiyohamishika. Mshtakiwa naye asimsogelee mlinzi wala nyumba yake.

"Nilidhani natakiwa kuzitoa hizo milioni tatu papo hapo," anakumbuka. "Nikatoka nje nimeshika kichwa. Baba mmoja mwenye tai akanifuata, eti nimpe kitu kidogo anirahisishie."

Karani aliyewaona alimwita pembeni. "Mama, dhamana hainunuliwi. Leo hutoi hata senti. Unasaini kwamba atakuja kila akiitwa. Asipokuja ndipo unadaiwa wewe, na nyumba inaweza kuuzwa."

Jirani yake seremala alikubali kuwa mdhamini wa pili. Aliyekataa ni binti yake. "Mama, mjomba akitoroka tutalala wapi?"

"Mchuma janga hula na wa kwao," alimjibu, akaenda kuitoa hati ya nyumba kabatini.

Tarehe mbili za mwanzo mdogo wake alifika mapema. Ya tatu hakuonekana. Simu iliita weee, haikupokelewa. Jina lake liliitwa mara tatu koridoni. Mwendesha mashtaka akaomba hati ya kumkamata.

"Mdhamini, mtu wako yuko wapi?" hakimu aliuliza.

"Mheshimiwa, sijui. Naomba muda nikamtafute."

Akapewa mpaka saa saba mchana.

Chumbani kwake hakuwepo. Kijiweni kwa wasukuma mikokoteni hakuwepo. Mwenzake mmoja ndiye aliyesema kwamba tangu alfajiri alikuwa akiulizia mlinzi anakaa wapi, akamwelekeza na dada huko.

"Hapo nikatimua mbio," anasema Mama Misumari. "Nilijua amekwenda kummalizia."

Alimkuta amesimama mbele ya geti la mlinzi, mikono mitupu, hajabisha hodi.

"Toka hapo," alimwambia kwa sauti ya chini.

"Dada, nataka kumwomba radhi tu. Mahakamani nikiuona ule mkono wake siwezi kuinua kichwa."

"Unamwomba radhi kwa kuvunja amri ya hakimu? Radhi utaomba, lakini si hapa. Twende."

Walifika saa saba kasoro dakika kumi. Njiani mdogo wake alimsihi aseme alikuwa anaumwa. Ilikuwa rahisi, hakuna aliyewaona. Lakini alipoulizwa, Mama Misumari alieleza yote, geti na radhi. Mwendesha mashtaka alisimama kuomba dhamana ifutwe.

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. "Nilisikia kalamu tu," anasema. Kisha hakimu akatamka: dhamana inaendelea, ila mshtakiwa ataripoti polisi kila Jumatatu. Akivunja sharti tena, atasubiri hukumu yake mahabusu.

Mashahidi wameshasikilizwa, na hukumu yenyewe ni leo.

Saa mbili na robo kivuli kinaziba mlango. Mdogo wake ameingia, shati limenyooshwa. "Shikamoo dada."

"Marahaba." Anatema misumari kiganjani, anafunga duka.

"Akifungwa, nitampelekea sabuni," anasema akitembea mbele ya mdogo wake kuelekea mahakamani. "Akiachiwa, atakaa na mimi ajifunze kuvisha makochi, na mlinzi tutamwendea kwa heshima, mchana kweupe. Ila lolote litakalosemwa leo, litukute tumesimama pale, mimi na yeye."