Mtani mlangoni kwa fundi wa meli

Miaka ya Ujamaa nilihudhuria msiba Mgeta, kwenye milima ya Uluguru. Marehemu alikuwa fundi wa kuchomelea kwenye karakana ya meli Dar, na meli ya mafuta iliyopeleka petroli Mtwara aliiunda yeye na wenzake. Mama yake hakuwa amelia wala kula tangu mwili ufike.

Mtani wao, Mzaramo, akajilaza mlangoni. "Jeneza halitoki! Mluguru wa milimani alijulia wapi meli?"

Mama akainuka, akamnyooshea kidole. "Toka hapo, Mzaramo! Mmezaliwa baharini, mkamsubiri mwanangu ashuke kutoka Mgeta aje kuwaundia meli!"

Tukaangua kicheko. Mama naye akacheka, kisha akalia sana, mwishowe akaomba uji.

Siku hizi mtani akijilaza mlangoni tunamwita mlevi, halafu tunashangaa wafiwa hawafungui mdomo mwaka mzima.