Hodari wa Kulilia Hekalu

Tusidanganyane, humu Yerusalemu hakuna aliyelilia hekalu kumshinda jirani yangu Hashubu. Tangu turudi kutoka Babeli, kila tulipofunga mwezi wa tano kukumbuka lilivyochomwa, alirarua kanzu, akajimwagia majivu na kugaagaa magofuni. Jioni alirudi kulala chini ya dari yake ya mierezi.

Mwaka huu nabii alimkuta hapohapo magofuni, machozi yanambubujika.

"Mzee Hashubu, inuka basi. Twende mlimani tukakate miti, tulijenge."

"Wakati bado, ndugu yangu."

"Mbona wakati wa dari yako ulifika?"

Hashubu akapangusa kamasi, kakasirika kwelikweli.

"Nyie manabii hamna huruma! Mkishalijenga, mwakani mimi nitalilia nini?"