Gilasi ya Maua Mekundu

Sisi tuliokulia mtaa wa Bondeni, enzi zile ploti nzima ya vyumba vya kupanga ikitegemea mfereji mmoja wa maji, hatukujua kitu kinachoitwa kikombe cha mtu. Kikombe kilikuwa cha aliyekiwahi. Nyumbani kwetu vilikuwa vitatu, vyote vya bati, kimoja kimebanduka rangi mdomoni, na tulivigombania watoto watano pamoja na yeyote wa jirani aliyenusa chai. Tulicheza mpira wa kati na gololi za bano mpaka vumbi la Januari likatufananisha sote, kisha tukakimbilia mferejini na kunywa kwa kikombe kilekile, mwenye mafua na asiye nayo. Upepo ulileta harufu ya maua ya pareto kutoka kiwanda cha dawa ya wadudu na hakuna aliyelalamika. Leo wanangu kila mmoja ana chupa yake ya maji yenye jina, na mwenzake akiigusa utadhani amemtia kidole jichoni.

Mama alikuwa mfanyakazi wa nyumba Milimani, mtaa wa matajiri. Alitoka asubuhi na mapema kwa miguu, leso kiunoni, huku akituachia amri yake ya kila siku: "Mchote maji, na nisiskie mtu amenichafulia jina." Shule zikifungwa alinibeba mimi kitinda mimba, maana hakukuwa na wa kunichunga. Nilizipenda siku hizo kupita kiasi. Jakaranda zilimwaga maua barabara nzima, na kulikuwa na kimya ambacho Bondeni hatukuwahi kukisikia. Nilikaa jikoni juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikinusa keki ikiokwa, nimeonywa nisiguse kitu.

Siku moja, nikiwa na miaka minane hivi, kiu ilinibana. Mama alikuwa nje akianika nguo. Kando ya sinki palikuwa na gilasi iliyochorwa maua mekundu kuizunguka. Nikafungua mfereji, nikanywa, nikajaza tena. Mwenye nyumba, ambaye Mama alimwita madam, akaingia. Hakufoka. Aliniangalia, akatabasamu kidogo, akaichukua gilasi mkononi mwangu kwa vidole viwili, akaidondosha kwenye pipa la taka, akanawa mikono. Halafu akaita dirishani kwa sauti ya upole kabisa: "Nafula, huyu mtoto hujamwonyesha kikombe chenu?"

Kikombe chetu! Ndipo nikaelewa kwamba kile kikombe cha buluu nilichokuwa nikikiona nje, kwenye dirisha la stoo, karibu na bakuli la mbwa, kilikuwa cha Mama. Nilishtuka hata nikasahau kulia. Huyu ndiye Mama aliyewahi kumfukuza mwizi wa kuku kwa mwiko, ambaye ploti nzima ilimwogopa. Alisimama pale mlangoni, mikono ikichuruzika maji ya sabuni, akasema, "Pole, madam."

Jioni tulipokuwa tukitoka, aliitoa ile gilasi pipani, akaifunga kwenye leso. "Ni nzima," alisema, akashika njia ya nyumbani. Tangu siku hiyo ikawa gilasi ya wageni. Pasta aliinywea, mwalimu mkuu aliinywea. Sisi watoto hatukuruhusiwa hata kuiosha.

Miaka ikapita, nikapata kazi ya kumtunza bibi mmoja mzee ng'ambo, nchi ya baridi. Siku ya kwanza nilipakua chakula changu nikaanza kula nikiwa nimesimama jikoni, kama nilivyomwona Mama akifanya. Yule bibi akagonga meza kwa kijiko na kukataa kula mpaka nikae naye. Nilidhani amerukwa na akili. Nikakaa, naye akanimiminia chai kwa mkono wake uliokuwa ukitetemeka kwa uzee, nusu ya chai ikaishia mezani. Kumbe tajiri anaweza kumwandalia mfanyakazi! Msidhani huko ni mbinguni; wanawe walipokuja walinipita kama koti lililoning'inizwa mlangoni. Lakini yule bibi alinimiminia chai miaka mitatu, nami nikamwapia Mungu kwamba nikirudi kwetu, atakayenifanyia kazi atakula mezani kwangu.

Nikarudi. Nikapata nyumba, tena Milimani, si mbali na ile ya zamani. Mwezi uliopita Mama akaja kukaa nasi wiki mbili. Kwa kuwa hajawahi kujua kukaa kwenye sofa kama mgeni, asubuhi ya pili alijiendea jikoni kumsaidia Chebet, msichana wetu wa kazi, kupika chai. Mimi nilikuwa mezani, mlango uko wazi. Nikamwona Mama akichukua kikombe kando ya sinki.

"Hiyo wacha, shosho," Chebet akamwambia haraka haraka. "Hiyo ni ya mfanyakazi."

"Nani amesema?"

"Ni mum aliweka alama. Ona hii rangi ya kucha hapa chini."

Mama akakipindua kikombe, akaitazama ile nukta nyekundu. Ilikuwa rangi yangu. Niliiweka mwenyewe siku ya pili Chebet alipofika, nikijiambia ni mambo ya usafi, kwa sababu mtoto wangu mmoja alikuwa na kikohozi. Halafu nikasahau. Miaka miwili nimekiona kikombe kile kila siku na sikukiona.

"Basi ni yangu," Mama akasema. Akajimiminia chai, akainywa palepale, amesimama kando ya sinki.

Nikasukuma kiti, nikasimama. Binti yangu aliinua macho kutoka kwenye simu, kwa mara ya kwanza tangu aamke. "Mum, kwani ni nini? Si ni kikombe tu?"

Kesho yake, wiki mbili zake hata hazijaanza kuisha, Mama akafunga mizigo, akasema amekumbuka mboga zake alizoziacha bila wa kuzimwagilia. Mimi nikaisugua ile rangi mpaka ikatoka, nikamwambia Chebet tuwe tunakula pamoja. Sasa anakaa kwenye ncha ya kiti, anameza bila kutafuna, kisha ananiuliza, "Mum, naweza enda?" Hilo nalo ni mimi niliyemfundisha.

Jumapili nikaenda Bondeni kuomba msamaha. Ploti ni ileile, ila mfereji wa pamoja ulishang'olewa, na uani hakukuwa na mtoto hata mmoja aliyechafuka. Mama alinipokea vizuri, vizuri kupita kawaida. Alinipangusia kiti. Akajimiminia maji kwenye kile kikombe cha bati kilichobanduka mdomo, kisha akafungua kabati, akatoa gilasi ya maua mekundu, akaijaza, akaniwekea mbele yangu kwa mikono miwili.

"Mama, nipe ya bati."

"Hapana," alisema, kwa sauti ileile aliyomwambia nayo madam pole siku ile. "Hii ni yenu."

Utotoni niliinywea bila ruhusa, nikajaza tena. Sasa nimepewa na Mama mwenyewe, na sikuweza kuiinua.