Raba Nne za Mashine ya Kahawa

Mimi ni fundi, na mafundi wengi tuna ugonjwa mmoja: hatuwezi kutamka "sijui". Pale Kemondo natengeneza injini za mitumbwi na pikipiki, na kila kinacholetwa kimekufa nakipokea kifua mbele. Ndiyo maana dada yangu aliponiletea mashine ya kuvunia kahawa sikuuliza kitu, ingawa sikuwahi kugusa mashine ya namna hiyo maishani mwangu.

Dada ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Ana kibanja chake cha migomba na mibuni huko Izigo, lakini msimu wa kahawa alikuwa akizunguka kwenye vibanja vya watu na mashine ya kikundi chao cha wakulima. Ilikuwa injini ndogo ya petroli, bomba refu la kushikia, na mwisho wa bomba vidole vya plastiki vinavyotikisa matawi mpaka kahawa idondoke kwenye turubai. Wanaume wa kikundi waliijaribu siku mbili wakaikataa, eti inachosha mabega. Dada aliishika akaipenda. Watu wakawa wanampigia simu kutoka vijiji vya mbali, wakimwita mama mashine, naye anaitika huku anacheka. Sifa ile tuliila na sisi ndugu zake, tena bila jasho.

Kati ya injini na bomba kulikuwa na raba nne, na tatu zilikuwa zimekatika. Injini ilikuwa inachezacheza. Nilizitafuta kwenye maduka ya Bukoba nikazikosa, muuzaji mmoja akaniambia ziagizwe Mwanza, nisubiri wiki mbili. Kahawa imeshaiva, nikawaza, nani wa kusubiri? Wala sikumwuliza dada, aliyekuwa amekaa pale pale kwenye benchi la wateja. Nilizitoa zote nne, pamoja na ile nzima, nikapitisha bolti na kukaza nati, chuma kwa chuma. Injini ikatulia tuli. Nilijisifu mbele ya kila aliyekuwepo, na wengine walikuja kuangalia.

Haikupita wiki akanipigia. Alisema mashine inatetemeka kuliko zamani, na akimaliza kazi viganja vinamwaka moto.

"Kaza mikono, dada," nikamwambia. "Ukiilegezea itakuonea. Ishike kwa nguvu."

Kila nikikumbuka maneno yale natamani ningekuwa bubu siku hiyo. Sasa najua kwamba kadiri unavyoibana mashine ya namna ile ndivyo mtetemo unavyoingia mwilini. Dada alinitii. Aliibana msimu ule mzima, na msimu uliofuata pia.

Ilianza ganzi. Kisha zikaja asubuhi za Juni, kibanja kimelowa umande, na vidole vyake viwili vya mkono wa kulia vikawa vinabadilika rangi na kuwa vyeupe kama muhogo uliomenywa. Jirani akasema ni baridi tu. Mwingine akaleta mafuta ya kuchua. Mimi bingwa nikasema ni umri, na dada hakuwa amefika hata miaka hamsini. Hakuna aliyeishuku mashine. Kwetu jembe ndilo linaloumiza mtu, mgongo wa kila bibi unaonyesha hivyo. Mashine tuliihesabu kuwa ni mapumziko.

Jumapili moja baada ya misa nilikwenda kumsalimu. Alikuwa jikoni anamenya ndizi, ananisimulia kichekesho cha jirani yake, na mimi nacheka naye. Nikaona ndizi iliyokuwa mkononi mwake ina damu. Kisu kilikuwa kimemwingia kidoleni, naye anaendelea kumenya na kusimulia.

"Mawe!" akasema nilipomshika mkono, akimwita mama kwa Kihaya. Alikitazama kidole muda mrefu, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimeona ni saa ngapi kilipokatwa. Niliogopa sana.

Kesho yake nilimpeleka hospitali Bukoba mjini. Daktari alimwuliza swali ambalo sisi wote hatukuwa tumeliuliza: kwa mikono hiyo, mama, unafanya kazi gani? Baada ya kusikiliza alitueleza taratibu kwamba mtetemo wa siku nyingi huharibu mishipa ya damu na ya fahamu. Aiache mashine kabisa, akae mbali na baridi, na huenda vidole vikapata nafuu kidogo, lakini asitegemee virudi vilivyokuwa. Halafu akanigeukia mimi. Mashine hiyo ilikuwa na raba za kupunguza mtetemo?

"Sijui," nikajibu.

Tulirudi Izigo. Mashine aliirudisha kwa kikundi, na kabla hawajaigusa nilizitafuta raba mpya nikazifunga kwa mikono yangu, nikiwa nimechelewa misimu miwili. Kahawa ya dada sasa inavunwa na watu wengine. Yeye anatembea nyuma yao, anaelekeza kwa kidevu, kwa sababu akiokota punje zilizoanguka zinampita kati ya vidole bila yeye kujua.

Siri ile nilikaa nayo miezi. Nilijiambia kwamba akijua atanichukia, na ukweli ni kwamba nilikuwa nalinda jina langu la ufundi. Mwishowe nikashindwa. Siku hiyo nilikuwa namfunga vifungo vya blauzi, tunataka kwenda msibani, mikono yake ameining'iniza kama mtoto anayevishwa. Nikamwambia, "Dada, zile raba za mashine nilizitoa mimi."

"Najua," akasema. "Nilikuona ukizitoa. Nilitaka kukuuliza zilikuwa na kazi gani, lakini wateja wako walikuwepo, nikasema nisimwaibishe mtoto wangu."